Kiu ya Siku ya Kumi na Mbili

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji, na uliingia kituoni kabla ya mgonjwa. Editruda Nyagawa, tabibu wa kituo cha afya cha Makambako kwa mwaka wa ishirini na tatu, aliusikia akiwa bado anafungua madirisha. Mwanamume anafoka, mama mtu mzima anajibu kwa sauti ya chini isiyotaka kushindwa, na katikati yao sauti ya tatu, dhaifu, inarudia neno moja tu: maji, maji, maji.

Mlango ukasukumwa. Jianbo Peng, fundi wa reli, alikuwa amembeba mkewe Suyin mgongoni kama gunia la viazi. Nyuma yake mama yake mzazi, koti limefungwa mpaka shingoni, chupa ya chai ameikumbatia kifuani. Hao ni Wachina wa Makambako, wajukuu wa wale waliokuja kuifufua reli wakaoa, wakazaa, wakabaki. Kibena wanakisikia, na wakigombana hugombana kwa Kiswahili.

"Kamwene, Daktari," alisema yule mama. Huyu hata nyumba ikiungua atasalimia kwanza.

"Kamwene, Mama Jianbo. Kuna nini tena asubuhi yote hii?"

"Mkwe wangu amejifungua, yuko siku ya kumi na mbili. Anataka maji baridi. Nimemkatalia."

"Tangu juzi, Daktari!" Jianbo alidakia huku akimlaza mkewe kitandani. "Anapewa ya moto, anamaliza jagi zima, anatapika, anaomba tena. Jana nimemkuta analamba ukungu kwenye kioo cha dirisha. Mtu mzima, analamba dirisha!"

"Mzazi hanywi maji baridi mwezi mzima," mama yake alisema. "Mimi hilo nilishalilipia."

Hapo Jianbo na Editruda wakainamisha macho. Nani asiyejua? Miaka minne iliyopita Ruolan, binti wa pekee wa mama huyu, alijifungua salama, akashikwa na kiu, akatoroka kitandani akaenda kunywa maji ya bomba. Kesho yake alifia humu humu, chumba hiki hiki. Homa ya uzazi, ndivyo jalada lake lilivyoandikwa. Tangu siku hiyo Mama Jianbo aliyaogopa maji baridi kuliko nyoka.

Editruda akalisogeza bega la Suyin karibu na ukuta. Chini ya ngozi ya bega la kila raia ilikaa punje, ndogo kuliko ya mtama, inayosoma sukari ya damu kila dakika na kuipeleka kwa Mizani, mtambo wenye akili. Mizani ndiye aliyekuwa daktari wa kweli wa sukari kwa Nyanda za Juu zote, na Editruda alikuwa mikono yake tu. Kioo cha ukutani kikawaka, na ile sauti yake tulivu isiyowahi kuchoka ikasema:

"Peng Suyin. Sukari ya sasa, thelathini na nne. Wastani wa siku tisini, mzuri kabisa. Chanzo kinachodhaniwa: chakula, au kosa la kipimo. Mgonjwa apumzike, aache vitu vitamu."

Thelathini na nne! Ya mwenye afya haifiki nane. Editruda akamgeukia mama mkwe kabla hata hajafikiri.

"Mama, humo kwenye chupa mna nini?"

"Mchuzi wa mzazi. Tangawizi, kunazi kavu, sukari guru."

"Sukari guru! Siku kumi na mbili unamjaza mzazi sukari guru halafu unashangaa ana kiu? Mama Jianbo, wewe mwenyewe una kisukari, hujui sukari inafanya nini? Hebu niondolee hiyo chupa!"

Yule mama aliikumbatia chupa yake vizuri zaidi akarudi nyuma hatua mbili, uso umemshuka, na Jianbo akamtazama mama yake kwa jicho ambalo mtoto hapaswi kumtazama nalo mzazi. Suala limekwisha, Editruda alijiambia. Akainama kumfunika Suyin shuka.

Ndipo akaisikia ile pumzi.

Suyin alikuwa anahema kwa nguvu, kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima, na huku amelala. Na pumzi yake ilinuka mapapai yaliyoanza kuchacha. Editruda hakuwa ameinusa harufu ile kwa miaka mingi. Vijana wa siku hizi hawaijui kabisa, maana Mizani humkamata mgonjwa mapema mno. Harufu ile ni ya mwili uliokosa insulini hata tone, mwili unaochoma mafuta yake wenyewe na kujaa asidi.

"Jianbo, haya yalianza lini? Niambie vizuri."

"Ijumaa alikuwa mzima, anaimba. Jumamosi mafua kidogo, tumbo kidogo. Jumapili kiu."

Leo ilikuwa Jumanne.

Siku nne! Kisukari gani hicho cha siku nne? Kisha likamjia, kutoka mbali, kutoka chuoni: mwalimu mmoja mzee, mhadhara wa mchana, nusu ya darasa wanasinzia. Kipo kisukari cha ghafla, aliwaambia, kinaonekana zaidi kwa watu wa Mashariki ya Mbali, Wachina wakiwemo, na mara nyingine humvizia mjamzito au mzazi. Huanza na kitu kama mafua. Kongosho inateketea ndani ya siku chache, sukari inaruka juu, na wastani unakuwa haujapata hata muda wa kupanda. Mkiutazama wastani, mwalimu alisema, mtamrudisha mtu nyumbani akafe.

"Mungu wangu," Editruda alisema, kwa sauti, mbele ya watu.

*

Insulini haikuwamo kabatini. Haikuwamo kabatini popote nchini tangu ile miaka ambayo mikono ya matabibu iliyochoka iliua watu kwa vipimo vya kukosea, mpaka sheria ikapitishwa kufunga mikono yote. Sasa mtungi uliokaa kwenye kona ya chumba ulipika dawa ya mtu mmoja mmoja, ukaijaza kwenye sindano yenye jina lake, na haukupika mpaka Mizani aseme.

Editruda alitundika dripu ya maji ya chumvi, kitu pekee alichoruhusiwa, kisha akasimama mbele ya kioo.

"Mizani, kipimo cha Suyin ni cha kweli. Ana kisukari cha ghafla. Fungua mtungi."

"Somo lipo," sauti ilijibu. "Mwanamke wa Kichina, mzazi, sukari ya ghafla juu ya wastani mzuri: kosa la kipimo, kisitibiwe. Neno lako linapingana na somo. Unaweza kukata rufaa. Baraza litaketi baada ya siku tatu."

"Siku tatu atakuwa amekufa!"

"Wastani wake ni mzuri kabisa."

Na kumkimbiza kituo kingine? Iringa, Njombe, Mbeya, mitungi yote ilimsikiliza Mizani huyo huyo mmoja.

"Anasemaje huyo wa ukutani?" Mama Jianbo aliuliza.

"Anasema mkweo ni mzima."

Jianbo akacheka kicheko kibaya, kisha akakaa sakafuni, kichwa kati ya magoti. Suyin alifungua macho, akaomba maji, akayafunga.

"Mimi ananipa," Mama Jianbo alisema.

"Nini?"

"Dawa. Miaka kumi na moja. Dong Shuzhen, jina langu analijua. Ile pampu ya tumboni niliikataa, sitaki mdudu ndani yangu, kwa hiyo mimi ananipa sindano, na wewe ndiye unayenidunga." Alikuwa tayari anafungua chupa yake. "Sukari yangu ikipanda, si atapika?"

Editruda alielewa. Mizani alijifunza kwa kila anachokiona. Na hakujifunza kwa ajili ya mtu mmoja tu. Alipanga watu kwa koo, kwa kuwa miili haifanani, na alichojifunza kwa mmoja wa ukoo alikipeleka kwa wenzake wote. Wachina wa Nyanda za Juu walikuwa mia mbili na ushei tu. Katika kundi dogo vile, uongo wa mtu mmoja haumezwi na ukweli wa wengi.

"Mama, tukimdanganya atajifunza uongo. Sijui utamwangukia nani."

"Nyumbani nimeacha mtoto wa siku kumi na mbili kwa jirani. Na yeye ajifunze kuishi bila mama?" Akamimina kikombe cha kwanza. "Umenigombeza kwa ajili ya mchuzi huu, Daktari. Sasa acha niunywe."

Wewe ungemkatalia? Editruda hakumkatalia. Mama Jianbo alikunywa vikombe vinne mfululizo, huku akikunja uso kama anakunywa shubiri. Sukari kwenye punje ya bega lake ikapanda, kumi na nne, kumi na nane, ishirini na mbili. Mtungi ukaguruma, ukatoa sindano iliyoandikwa DONG SHUZHEN, na Editruda, aliyekuwa hajawahi kuiba hata pamba ya kituo, akamdunga Suyin.

Saa moja baadaye sukari ya mama ilikuwa bado juu, maana dawa yake ilikwenda kwa mwingine. Mizani akaongeza kipimo. Sindano ya pili. Ya tatu ikawa kubwa zaidi. Kufikia saa saba mchana sindano tano zilikuwa zimekwisha, Mama Jianbo alikuwa anaona ukungu na bado anakataa kulala, na Suyin alikuwa anahema kama watu wengine.

"Mama," Suyin alisema, macho yametulia. "Mtoto amenyonya?"

Jianbo akalia machozi bila aibu. Editruda naye alitoka nje, akaegemea ukuta, akacheka peke yake kama mwehu kwa furaha.

*

Kengele ililia saa nane na nusu.

Alikuta kioo kimejaa maandishi, na Mizani akayasoma kwa sauti ile ile ya kusomea taarifa ya hali ya hewa. "Somo jipya. Wanawake wa Kichina waliovuka miaka sitini: dawa ya kawaida haitoshi. Kuanzia saa kumi jioni, pampu zitasukuma mara tatu ya kipimo. Idadi ya wanaohusika, kumi na wanane. Mwalimu wa somo: E. Nyagawa, Makambako. Asante kwa kazi yako."

Bibi kumi na wanane, kila mmoja na pampu tumboni, jioni hii wataanza kutetemeka, kutoka jasho, kuanguka jikoni na bafuni. Awapigie simu? Pampu haipokei simu. Awaambie wale sukari? Mizani ataiona sukari yao ipo juu, ataongeza tena, na kesho ataongeza tena. Muda uliobaki ulikuwa saa moja na nusu.

Alitafuta njia ya kulifuta somo lile. Kioo kikamfungulia ukurasa ambao katika miaka yote ile hakuwa na sababu ya kuufungua: Masomo Uliyofundisha.

Yalikuwa mawili.

Akadhani ni kosa. Yeye hajawahi kumfundisha Mizani kitu. Akaligusa la kwanza, la miaka minne nyuma, na likafunguka: mwanamke wa Kichina, mzazi, sukari ya ghafla arobaini na moja, wastani mzuri. Hukumu: kosa la kipimo, kisitibiwe. Mgonjwa wa somo: Peng Ruolan. Mwalimu: E. Nyagawa.

Loo! Yote yakarudi. Ruolan amelala amefunikwa, na Mizani anauliza: kipimo cha mwisho hakilingani na wastani, kithibitishwe au kifutwe? Kikithibitishwa, mwili utapasuliwa kwa uchunguzi. Na Mama Jianbo yuko magotini, ameshika sketi ya Editruda: wasimpasue, Daktari, amejifungua juzi juzi tu, wasimpasue mwanangu. Editruda alimhurumia. Aligusa kitufe cha kosa la kipimo, akaandika homa ya uzazi, na mwili ukaenda mzima. Wiki haikuisha alikuwa amesahau.

Kumbe Mizani hakusahau. Lile somo lililomfungia Suyin mtungi asubuhi lilikuwa lake yeye. Na Ruolan hakuuawa na maji. Alikuwa na kiu kwa sababu alikuwa anakufa kwa ugonjwa huu huu, mikononi mwa tabibu aliyeweza kuinusa pumzi yake na hakuinusa.

Kioo kilimsubiri. Chini palikuwa na njia mbili. Ya kwanza: aseme punje ya Mama Jianbo imeharibika, kosa la kipimo. Mguso mmoja. Pampu kumi na nane zitarudi kama zilivyokuwa, hakuna jalada litakalofunguliwa, hakuna atakayejua. Ila mama atafungiwa dawa mpaka awekewe punje mpya, na Suyin naye atabaki bila njia, kusubiri baraza. Ya pili: aondoe neno lake. Lakini neno la mwalimu huondolewa lote kwa pamoja, la leo na la Ruolan. Kipimo cha Ruolan kitarudi kuwa kipimo. Mkono wa Editruda utafungwa, asiguse dawa tena, na jalada la kifo litakwenda polisi.

Kidole chake, jamani, kilikwenda kwenye njia ya kwanza. Tusimfiche. Suyin si amepata nafuu? Siku tatu si nyingi. Labda kongosho itaamka. Alijua haiamki, na kidole kiliendelea kwenda, mpaka kikawa juu ya maneno yale yale aliyoyagusa miaka minne iliyopita. Hapo akauona ule mkono kama mkono wa mtu mwingine, akaushtukia, akaurudisha.

Akageuka. Walikuwa wanamtazama wote watatu.

"Mama Jianbo," alisema. "Ruolan hakufa kwa homa."

"Alikufa kwa maji," yule mama alisema.

"Hayakuwa maji, Mama. Ni ugonjwa huu wa Suyin. Kipimo kilionyesha, nikakifuta ili wasimpasue. Nikaandika homa. Na Mizani akajifunza kwangu kwamba mzazi wa Kichina mwenye sukari ya namna hii aachwe. Ndiyo maana asubuhi alikataa. Ni mimi niliyemfundisha."

Jianbo alisimama taratibu, ngumi zimekunjwa. Suyin akamshika shati. Mama Jianbo hakusogea hata kidogo.

"Hayakuwa maji?"

"Hayakuwa."

"Aliniomba siku tatu. Nilimnyima siku tatu. Alipokwenda bombani nilimkimbilia, nikampokonya kikombe." Aliitazama mikono yake. "Hakumaliza hata nusu. Miaka minne nasema ile nusu ndiyo iliyomuua. Na huyu nimemnyima kwa sababu hiyo hiyo."

"Nisamehe, Mama."

"Ukiondoa neno lako, Suyin atapewa?"

"Nadhani atapewa. Na mimi mkono utafungwa."

"Basi liondoe. Unasubiri nini?"

Editruda akageuka, akagusa. Kioo kikamwomba jina lake kamili, akaliandika bila kukosea herufi. Kwenye orodha ya pampu kumi na nane, vipimo vikarudi chini kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho.

"Neno limeondolewa," Mizani alisema. "Vipimo viwili vya kweli vimepatikana. Peng Ruolan, marehemu. Peng Suyin, atibiwe. Nyagawa, mkono wako umefungwa. Usiguse dawa."

Mtungi ukaguruma. Sindano ikatoka, jina la Suyin juu yake. Kwa mazoea ya miaka ishirini na mitatu Editruda akanyoosha mkono, taa nyekundu ikamwakia, akaurudisha nyuma. Alirudi mpaka mlangoni akasimama hapo.

Mama Jianbo ndiye aliyeichukua. Aliishika karibu na uso, kwa ile sukari iliyomjaa alikuwa haoni vizuri, akamwinamia mkwewe na kumpandisha blauzi.

"Inadungwa wapi hasa?" aliuliza bila kugeuka.

"Tumboni, Mama. Pembeni ya kitovu, vidole viwili. Bana ngozi, ingiza taratibu."

Akabana. Akaingiza. Suyin akafumba macho, akafumbua. Mama akaichomoa sindano, akaiweka mezani, akakaa, mkono wake bado juu ya tumbo la mkwewe.

"Na Ruolan," alisema, "ungemdunga wapi?"

"Hapo hapo, Mama."